Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 14: Subira tunayomdai mzazi



Alhamdulillah, tumeamka tukiwa hai na nusu ya mwezi inakaribia. Maswali ya saumu mliyotuma jana nitayajibu leo baada ya Alasiri, inshaAllah. Asubuhi hii nataka tufikiri pamoja juu ya neno moja ambalo mwezi huu haliishi midomoni mwetu: subira.

Kwamba Ramadhani ni mwezi wa subira, hilo hatubishani. Ninachouliza ni hiki. Je, kila jambo gumu dawa yake ni kumwambia mtu asubiri? Na kama siyo, tutajuaje ni wapi subira ni ibada, na ni wapi neno hilohilo limekuwa njia yetu ya kukwepa wajibu?

Nauliza kwa sababu ya wazazi wenye watoto wenye ulemavu. Tunao wengi kuliko tunavyodhani, maana baadhi ya watoto hawa hawatoki ndani. Chukua mama mmoja, simtaji jina, na hali yake si yake peke yake. Mwanawe ana mtindio wa ubongo. Akili ya mtoto ni nzima kabisa, anakujibu hesabu kabla hujamaliza kuuliza, lakini miguu haimbebi. Kila asubuhi mama anamtia mgongoni kwa khanga mpaka shuleni. Akishamfikisha haondoki. Anakaa chini ya mti nje ya darasa mpaka mapumziko, kwa sababu mtoto akitaka kwenda chooni hakuna wa kumpeleka, na choo chenyewe ni cha kuchuchumaa. Biashara yake ya vitumbua imekufa. Na mtoto anakua, kila mwaka anazidi kuwa mzito, na mgongo wa mama ni uleule.

Ukimuuliza hali atakwambia Alhamdulillah. Na sisi tunamjibu nini? "Subiri mama, malipo yako kwa Allah." Kisha tunapita zetu.

Ndugu zangu, maneno hayo ni ya kweli. Malipo yako kwa Allah na hayapotei. Lakini neno la kweli linaweza kuwekwa mahali pasipo pake. Hebu tuufungue mzigo wa mama huyu tuone ndani yake mna nini.

Mna vitu viwili. Cha kwanza ni hali ya mtoto wake. Hiyo hakuna binadamu aliyeipanga, si mama, si baba, si jirani. Na hapa niseme wazi: wanaonong'ona kwamba mtoto kama huyu ni laana, au ni malipo ya dhambi za wazazi, wanasema wasilolijua. Dini yetu haimbebeshi mtoto dhambi ya mzazi wake. Hali ile ni kadari ya Allah, na katika kadari kuna subira, kuna kuridhika, na kuna ujira mkubwa.

Cha pili ni ngazi tatu za mlango wa darasa. Ni choo kisichokalika. Ni nauli ya bajaji. Ni mwalimu ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha mtoto huyu. Ni baba aliyeondoka. Ni mwalimu mkuu wa shule nyingine aliyesema, "Mpeleke kwenye shule zao." Haya nayo Allah anayajua, hakuna kinachomfichikia. Lakini ngazi zile zilijengwa na fundi, ramani ilichorwa na mtu, na kamati ya watu wazima ikakaa ikapitisha. Tukimwambia mama asubiri juu ya ngazi, tumechukua uzembe wa watu tukaupachika jina la kadari.

Wala hatufanyi hivyo katika mambo yetu mengine. Mtu akivamiwa kiwanja chake hatumwambii asubiri tu. Tunamwambia subiri, halafu tunamsindikiza serikali ya mtaa na baraza la ardhi. Jirani akifika wakati wa Magharibi hana cha kufuturu, hakuna kati yetu atakayemsomea mawaidha ya subira. Tunampa tende na uji. Tunajua vizuri kwamba subira ya mwenye njaa haiondoi wajibu wa mwenye chakula. Iweje tulisahau hilo likifika kwa mzazi wa mtoto mwenye ulemavu?

Sasa tutazame sheria yetu inavyomtendea mtu ambaye mwili wake umeshindwa. Swala ni nguzo, na kusimama katika swala ya faradhi ni nguzo ya swala. Mtu asiyeweza kusimama anaambiwaje? Mtume (s.a.w.) alimfundisha Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa mgonjwa, kwamba aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa basi kwa ubavu. Tuitafakari hii. Hakuambiwa, "Wewe huwezi kusimama, kaa nyumbani, swala ni ya wanaoweza." Swala ilibaki palepale, na namna ya kuiswali ikabadilishwa ili imfae yeye.

Hiyo ndiyo hekima ya ruhusa katika dini. Ruhusa haikuwekwa ili kumtoa mtu katika kheri. Imewekwa ili aifikie kwa njia anayoiweza. Na elimu ni kheri. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kupanda ngazi, jibu la kwanza si kumrudisha nyumbani. Jibu ni kulishusha darasa lake chini. Asiyeona ubao asomewe kwa sauti, apewe maandishi ya nukta nundu. Asiyesikia afundishwe kwa lugha ya alama. Anayechelewa kuelewa apunguziwe mwendo. Somo ni lilelile, namna ndiyo inayobadilika.

Mfano ulio karibu zaidi na mwezi huu ni wa Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.). Wengi tunamfahamu kwa sura ya Abasa. Alikuwa haoni. Alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka kufundishwa, wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makureshi akitarajia wasilimu, na aya zikateremka kumtanguliza yule aliyekuja mwenyewe kutafuta elimu. Mwanafunzi asiyeona alitetewa na Mola wake kwa aya zinazosomwa mpaka Kiyama. Hapo huwa tunaishia. Lakini kuna sehemu ya pili.

Katika mji wa Madina kulikuwa na waadhini wawili, Bilal na Ibn Ummi Maktum. Bilal alikuwa akiadhini usiku ungalipo, na watu wakaambiwa waendelee kula na kunywa mpaka Ibn Ummi Maktum aadhini. Maana yake, daku ya mji mzima ilikuwa ikikoma kwa sauti ya mtu asiyeona. Naye alfajiri ataijuaje? Riwaya inatueleza: hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumepambazuka.

Yaani alipewa kazi inayohitaji macho, kisha watu wenye macho wakawa upande wake kumwambia tu, "Kumekucha." Hakunyimwa kazi kwa sababu haoni, wala hakuachwa abahatishe alfajiri peke yake kisha alaumiwe akikosea. Na mtu huyohuyo Mtume (s.a.w.) alimwachia usimamizi wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka safarini.

Hii ndiyo maana halisi ya msaada shuleni. Mwalimu anayesoma kwa sauti kila anachoandika ubaoni anamwambia mtoto, "Kumekucha." Mwalimu anayekumbuka kutozungumza akiwa ameugeukia ubao, ili mtoto mwenye usikivu hafifu aione midomo yake, anafanya kazi hiyohiyo. Mwanafunzi anayembebea mwenzake begi na kumshika mkono kwenda chooni, naye pia. Mimi ni mwalimu, nayajua madarasa yetu. Mambo haya mengi hayagharimu hata shilingi.

Najua wapo watakaosema, "Ustadhi, darasani wapo watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja. Atafanya nini?" Ni hoja ya haki, siipuuzi. Mwalimu naye tusimtupie mzigo wote kisha tukaondoka, maana tutakuwa tumemfanyia yeye tulichomfanyia mama. Ndiyo maana tunao walimu waliosomea elimu maalumu, wengi kutoka chuo cha Patandi kule Arusha, na kila mzazi ana haki ya kuuliza kama katika halmashauri yake wapo na wako shule gani. Msongamano ni sababu ya kudai walimu zaidi na madarasa zaidi. Hauwi sababu ya kuchagua mtoto mmoja kati ya mia na kumwambia wewe ndiye utakayebaki nyumbani.

Hoja nyingine huwa nasikia upande wa madrasa, nayo inaumiza zaidi kwa sababu inavaa kanzu. Inasema mtoto mwenye ulemavu wa akili hana taklifu, kalamu imeinuliwa kwake, basi kuna haja gani ya kuhangaika kumfundisha? Ni kweli mtu ambaye akili yake haijatimia kalamu haimwandikii dhambi. Lakini kalamu imeinuliwa kwake, kwetu haijainuliwa. Yeye hataulizwa kwa nini hakujifunza. Sisi tutaulizwa kwa nini hatukumfundisha kile anachokiweza. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili anaweza kujifunza kujisafisha, kuvaa, kusema hapana mtu akimgusa vibaya, kuhesabu pesa ya dukani, kutamka shahada, kusimama ubavuni mwa baba yake katika safu. Baadhi wanajifunza zaidi ya hapo na kutushangaza. Nani alitupa sisi ruhusa ya kukata tamaa kwa niaba yao?

Sasa nizungumze na akina baba. Tunaijua tabia hii hapa uswahilini. Mtoto akizaliwa na ulemavu, baba anasema "kwetu hakuna wa namna hii", anaondoka, anaoa kwingine. Ndugu yangu, talaka haifuti nasaba, na nafaka ya mtoto haikomi kwa sababu mtoto hatembei. Katika fiqhi yetu ya Kishafii, mtoto fukara asiyeweza kujitafutia kwa sababu ya maradhi au akili, nafaka yake inaendelea kuwa juu ya baba mwenye uwezo hata baada ya kubaleghe. Kwa hiyo mtoto uliyemkimbia ndiye ambaye deni lake kwako ni refu kuliko la wenzake. Funga, swali Tarawehe, soma juzuu kila siku, lakini deni hilo ujue liko palepale.

Tukitoka nyumbani tuje kwenye jamii na serikali. Hapa naomba tulibadilishe neno. Wazazi wengi wanapoingia ofisini husema, "Naomba mnisaidie." Heshima na unyenyekevu ni vizuri, lakini mjue mnachokiomba ni haki. Hapa kwetu Tanzania Bara ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumbagua mtoto, na ulemavu umetajwa humo. Ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayozungumzia elimu yao na kuweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Ukiambiwa na shule "hatupokei watoto wa aina hii", huyo amesema lake, sheria haikusema hivyo.

Basi mzazi aanzie wapi? Nayaweka kwa ufupi, mhifadhi ujumbe huu na kuwatumia wanaouhitaji.

1. Mpeleke mtoto akapimwe mapema. Macho na masikio kwanza, kwa sababu watoto wengine wanaitwa wazito darasani kumbe hawaoni ubao au hawasikii. Anzia kituo cha afya, omba barua ya rufaa. Hapa Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imekuwa ikishughulika na watu wenye ulemavu tangu miaka ya tisini.

2. Nenda halmashauri, muulize afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Yeye ndiye anayejua shule zenye vitengo. Uhuru Mchanganyiko hapa mjini inajulikana kwa kuwasomesha watoto wenye ulemavu mbalimbali pamoja na wenzao, na Buguruni Viziwi ni kwa watoto viziwi. Wengine wanauliza, kipi bora, shule maalumu au shule ya jirani? Inategemea mtoto. Kiziwi akiwekwa kati ya watoto hamsini ambao hakuna anayejua lugha ya alama, yupo nao kwa mwili tu. Wa kiti cha magurudumu mara nyingi anachohitaji ni njia ya mteremko na choo. Mtazame mtoto wako, usitazame watu watasema nini.

3. Muone afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, hasa kama baba hatoi matunzo au mtoto anafichwa ndani.

4. Akikaribia mitihani ya taifa, hakikisha shule imeandika aina ya ulemavu wake wakati wa kusajiliwa. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa karatasi za nukta nundu, maandishi makubwa na muda wa ziada. Lakini wasipoambiwa mapema, hawatabuni.

5. Kuhusu kipato: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mikopo isiyo na riba, kwa hiyo hata upande wa dini moyo utulie. Mama anayelea anaweza kuingia kupitia kikundi cha wanawake.

Na sisi jamaa wa msikiti tufanye nini? Nisije nikawapa wazazi kazi tano na sisi tukabaki na dua tu.

Kwanza, zaka. Wengi mnaitoa mwezi huu. Tuelewane kifiqhi: ulemavu peke yake haumfanyi mtu awe mstahiki wa zaka. Wapo wenye ulemavu wanaotoa zaka. Kinachotazamwa ni ufukara na umasikini. Lakini tukipiga hesabu ya mahitaji ya familia, tuhesabu na nauli ya bajaji kwenda na kurudi, nepi za mtoto mkubwa, dawa za kifafa, na siku ambazo mama hakufanya kazi. Familia inayoonekana "wanajiweza kidogo" inaweza kuwa chini kabisa ukishatoa hayo. Wanahistoria wa Kiislamu wameandika kwamba Khalifa Walid bin Abdulmalik aliwapangia wasioona watu wa kuwaongoza na wasiojiweza watu wa kuwahudumia, kwa gharama za dola. Kumbe zamani walijua kwamba mtu mwenye ulemavu anahitaji na mkono wa mtu, pamoja na sahani ya chakula.

Pili, tuongozane. Mama akienda ofisini peke yake anaambiwa njoo kesho. Akienda na wazee wawili wa msikiti na mama mmoja wa darsa, kesho hiyo huwa leo. Hili halina gharama ila muda.

Tatu, tuanze na nyumba yetu. Madrasa yetu iko ghorofani. Kamati imeshakubali kwamba baada ya Idi darasa la watoto wadogo lishuke chini, na fundi atatutengenezea njia ya mteremko mlangoni. Mwenye mifuko ya saruji, kokoto au nguvu zake, mlango uko wazi.

Namalizia kwa kurudi kwenye neno letu. Subira haijafutwa. Mzazi huyu ataihitaji usiku mtoto akiwa na degedege, ataihitaji siku mwanawe akirudi analia kwa kuchekwa, ataihitaji atakapojiuliza nani atamlea yeye akifa. Hapo kuna mlima ambao hakuna kamati itakayousawazisha, na hapo ndipo Allah amemwekea ujira wake. Ndiyo sababu hatuna haki ya kuimaliza subira yake kwenye ngazi tatu za saruji. Aitunze kwa yale ambayo ni Allah peke yake awezaye kuyaondoa. Haya mengine tuyaondoe sisi.

Amali ya leo: kabla ya futari, kila mmoja wetu afikirie nyumba moja anayoijua yenye mtoto mwenye ulemavu. Apige hodi, na badala ya kusema "subirini", aulize, "Shuleni anakwendaje, na nani anampeleka?" Kisha asikilize mpaka mwisho. Mwenye mtoto ambaye hajaandikishwa shule au madrasa aje ofisi ya msikiti baada ya Tarawehe, na akina mama wamuone ustadhati wa darsa la wanawake.

Ewe Mola wetu, wape afya na ilimu watoto wetu wote. Watie nguvu wazazi wao migongoni na mioyoni. Utusamehe pale tulipopita tukatazama pembeni, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaomwambia mwenzao kwamba kumekucha. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.